Mama Tiku Anaumwa

Kwetu milimani mtu hawi maiti siku anayokata roho. Anakuwa mgonjwa. Analazwa chumbani, anapelekewa kahawa asubuhi na wali jioni, anaagwa na anayekwenda shamba na kuamkiwa na anayerudi, hata mwaka, hata miaka, mpaka wapatikane nyati wa kufugwa wa kuchinjwa kumsindikiza. Siku nyati wa kwanza anapoanguka uani ndipo naye anakuwa marehemu. Kulitamka lile neno kabla ya hapo ni utovu wa adabu, na sisi kwa adabu hatujambo. Adabu hiyo ndiyo iliyomponza Tiku.

Tiku alikuwa kifungua mimba, na kijiji kizima kilimwita mama yake kwa jina la mwanawe: Mama Tiku. Baba alikwisha pumzishwa jabalini zamani, katika pango la mwamba tunamozika wafu wetu. Tiku alipopata nguvu za mikono alimwacha mama na mdogo wake, Rerung, akavuka bahari kwenda kisiwa cha Kalimantan kuvuna michikichi ya watu, maana mwanamume asiye na nyati kwetu hata akisema kweli hasikilizwi. Mama alimsindikiza mpaka pikipiki zinapoishia. Pikipiki zenyewe zimefungwa minyororo kwenye tairi, na mvua ikizidi hulala matopeni, abiria akamaliza safari kwa miguu. Simu hazishiki kwetu. Habari hupanda na kushuka kwa midomo ya watu.

Miaka ikapita. Siku moja jirani yao, Palullung, akatokea shambani kule Kalimantan, naye kaja kutafuta kazi.

"Habari za nyumbani?" Tiku akamuuliza.

"Njema tu." Palullung akainamisha macho. "Ila Rerung kanituma. Anasema mama anaumwa."

Mundu ulimtoka Tiku mkononi. Akaenda akasimama nyuma ya mchikichi akalia, na Palullung akamwacha alie, akijua ni uchungu wa mwana aliye mbali na mama mgonjwa. Hakuna aliyemuuliza mwenzake zaidi. Utamuulizaje mtu, "Je, anapumua?" Ni kumtukana yeye na mamaye.

Basi Tiku akaamini mama amekwisha mtoka. Alipokauka machozi akaanza kufikiri kama sisi sote tunavyofikiri. Mama amelala, hana haraka tena. Mwenye haraka ni mjomba Sarira, ndugu wa mama, aliyelitolea macho tangu zamani lile shamba la mpunga chini ya chemchemi. Mama alililima tangu usichana wake, mgongo ulipindia mle. Na shamba la marehemu kwetu humfuata aliyemchinjia nyati wa maana. Arudi na nini sasa? Mkono mtupu haulambwi. Akabaki. Akafanya kazi ya watu wawili, akala mlo mmoja, akajinyima hata sigara, na kila alipochoka alijiambia anamfanyia mama.

Baadaye mchuuzi mmoja wa kahawa, aliyekuwa akipanda kwetu msimu wa mavuno, alimpigia Tiku simu kutoka mjini.

"Rerung kaniomba nikwambie mama bado anaumwa. Anakuulizia kila siku."

Bado anaumwa. Tiku akaona ni sawa, angepona vipi? Na kuulizia, wagonjwa wetu wote huulizia watoto, ndivyo tunavyowasemea.

"Mwambie mama avumilie," akasema. "Mwambie namtafutia nyati."

Mchuuzi akapanda na ujumbe huo, akaufikisha neno kwa neno. Mtu mwaminifu kweli, mchuuzi yule.

Nyati alipatikana mwishowe, dume jeusi la pembe pana. Tiku alilinunua mnadani mjini akalipandisha kwa miguu, akilala pale linapolala, akiliogesha kila kijito, kwa hofu lisije likafika limekonda mjomba akacheka. Alipotokea kijijini watoto walilizunguka wakishangilia. Mjomba Sarira alitoka akalizunguka naye, akitafuta kasoro.

"Nyati kanona kuliko mwenyewe," akasema hatimaye. "Mjomba, huko ulikuwa unampa yeye chakula chako?"

Watu wakacheka. Tiku naye akacheka, ndiyo mara ya mwisho nilipomsikia akicheka vile. Akapanda ngazi ya nyumba, nami nikamfuata na mzigo wake.

Rerung alikuwa ameketi kando ya mama. Mama alikuwa amezungushiwa mashuka, na kikombe cha kahawa kilikuwa karibu na kichwa chake.

"Mama, Tiku amekuja," Rerung akasema, bila kumtazama kaka yake.

Tiku akapiga magoti. "Mama, nimefika. Nisamehe nimechelewa." Kisha akamgeukia dada yake. "Pole, mdogo wangu. Muda wote huo umemuuguza peke yako."

"Muda wote upi? Kaumwa hivi tangu mavuno yaliyopita."

"Si Palullung aliniambia zamani kwamba mama anaumwa?"

"Ndiyo, alikuwa anaumwa! Miguu ilivimba, kifua kinambana. Nilituma uitwe."

Rerung akamtazama kaka yake usoni sasa, na nikiwaza uso ule hadi leo naumia. Aliona jinsi lile neno lilivyosafiri.

"Kaka. Wewe ulidhani..." Hakuweza kumalizia, mama alikuwa pale pale.

"Alikuwa anaongea?" Tiku akauliza.

"Aliongea! Alinitukana nikiunguza wali! Tulimtandikia mkeka mlangoni aione njia. Pikipiki ikinguruma bondeni anasema, 'Huyo Tiku, ongeza maji ya kahawa.' Kila pikipiki, kaka. Tulikuwa tunakunywa kahawa nyepesi kama maji ya mvua." Akajifuta pua kwa mkono. "Mpaka alipokuja yule mchuuzi."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Mama, mwanao anasema uvumilie, anakutafutia nyati.'"

Tiku akashika kichwa.

"Mama alicheka kidogo. Akasema, 'Nyati! Mwanangu ana haraka kunishinda.' Akaniambia nimrudishe ndani, mlangoni kuna baridi. Hakuulizia pikipiki tena."

Uani watu walikuwa wakibishana kuhusu upana wa pembe. Tiku alimlilia mama yake kwa sauti, akimweleza, akirudia maneno yale yale, kwamba hakujua, kwamba neno ni moja. Wagonjwa wetu tunaamini wanasikia. Naomba iwe kweli.

Dume lile lilianguka uani mwezi uliofuata, na mjomba Sarira akampa mkono mbele ya wazee. "Shamba ni lako, mjomba. Umetushinda." Tiku akalipokea shamba. Akalilima vizuri, kwa kuwa mpunga hauna kosa, ila palipokuwa na alama za miguu ya mama kwenye kingo hakutaka mtu apakanyage, na tulimwona mara nyingi amesimama hapo majini kama aliyesahau kilichomleta. Wanasema majuto ni mjukuu. Kwa Tiku yalikuwa mke: yalilala naye na kuamka naye.

Alioa hata hivyo, akazaa binti, Sanda, na Sanda naye akakua akavuka bahari kwenda Papua kutafuta. Nyati, bila shaka. Mkewe alimtangulia jabalini. Mwaka huu miguu ya Tiku imeanza kuvimba na kifua kinambana. Juzi alimwita kijana wa pikipiki anayeshuka mjini penye simu.

"Mpigie Sanda. Mwambie baba anapumua."

Kijana akaguna. "Mzee, maneno gani hayo? Si niseme tu unaumwa?"

"Ukilitaja neno hilo nitakulaani nikiwa hapa na nikiwa jabalini. Sema anapumua. Sema anakula, anakohoa, anamtukana shangazi yake Rerung."

"Ananitukana kweli," Rerung akadakia kutoka jikoni.

"Na nyati aachane nao. Shamba liende kwa yeyote, hata kwa wajukuu wa Sarira. Aje mikono mitupu, mradi aje."

Kijana akaondoka akitikisa kichwa. Ngurumo ya pikipiki yake ikashuka bondeni mpaka ikapotea. Tiku akamwomba Rerung amsogezee mkeka mlangoni, na aongeze maji ya kahawa.