Feni ya Gari la Mkunga

Wewe unayesoma, kitu chako kikiharibika huwa unakifungua, au unakilalamikia tu? Jibu ukweli, hakuna anayekusikia. Watu wengi wa siku hizi, tena waliosoma, redio ikikohoa mara mbili wanaitafutia mrithi dukani. Habari hii ni ya mtu ambaye hajawahi kukinunulia kitu chochote mrithi.

Mtaani wanamwita Fundi Bobini. Ametengeneza vyerehani kwa miaka thelathini na minne, na zaidi ya hapo ni mfupi, wa mviringo, na hatulii mahali pamoja. Jina halimuudhi. Anasema bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, ndiyo roho ya cherehani, na anayebisha aitoe aone kama atashona.

Mkewe ni mkunga. Kituo chake cha afya kiko ng'ambo ya kilima, mwendo wa dakika arobaini kwa gari, na zamu yake inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Kituo kina gari la kubeba watumishi. Kila asubuhi gari hilo hubeba watoto wa mganga mkuu kwenda shule. Hakuna aliyewahi kuuliza, kwa sababu mwenye kazi ya kuuliza ndiye mganga mkuu. Kwa hiyo mwanamke ambaye mikono yake imepokea nusu ya watoto wa mtaa mzima anajiendesha mwenyewe, ndani ya gari la miaka ishirini na moja, gari lililofikia umri wa kuoa.

Msimu wa baridi ulipoingia, feni ya hita ya gari hilo ilianza kulia. Ndiyo feni inayopuliza hewa ya moto kwenye kioo cha mbele ili ukungu usitande. Ililia kama paka aliyefungiwa kabatini. Fundi aliisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Ina kiu." Akachukua kichupa cha mafuta ya cherehani, akapenyeza mdomo wake mwembamba chini ya dashibodi, akaminya. Kilio kikaisha. Baada ya siku tatu kikarudi, naye akaminya tena. Katika imani yake hakuna ugonjwa usiosikia mafuta ya cherehani. Ameyatumia kwenye bawaba, kufuli, baiskeli, na mwaka mmoja kwenye goti lake mwenyewe. Alimnywesha mgonjwa huyo majuma matano. Jumatano ya juma la sita feni ikanyamaza, na haikunyamaza kwa kupona.

Siku hiyohiyo mkunga aliponea chupuchupu. Kwenye kona ya juu kioo kilitanda weupe mtupu. Akasimama, akashuka ili akifute, akakuta tairi la mbele limeshaacha barabara na linachungulia bonde. Hakumsimulia mumewe kwa kelele. Alimwambia jioni akiwa anavua viatu, kwa sauti ya mtu anayetaja kwamba chumvi imekwisha.

Kesho yake wakaanza utaratibu mpya. Fundi alikaa kiti cha abiria na kipande cha fulana kuukuu, akafuta kioo kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama wipa iliyooa. Walipofika kileleni, ambako ukungu huishia, alishuka akarudi nyumbani kwa miguu, saa moja na nusu, na goti lake. Ijumaa alirudi akichechemea. Ijumaa hiyohiyo jioni mkunga akaja na fomu.

Ilikuwa fomu ya kuomba chumba kwenye nyumba za watumishi, hukohuko kituoni. Angekaa huko Jumatatu hadi Ijumaa, nyumbani aje Jumamosi. Nafasi hutolewa mara moja kwa mwaka, na mwisho wa kupokea fomu ulikuwa Jumatatu saa nne asubuhi. Alikuwa ameshaijaza yote, imebaki sahihi. Chini kabisa palichapwa kwa herufi nene: FOMU YENYE DOA HAITAPOKELEWA.

"Ni mpaka baridi iishe tu," mkunga alisema.

"Hapa pameandikwa mwaka mzima."

"Fundi, goti lako."

"Goti langu limekulalamikia?"

"Linalalamika usiku kucha. Wewe ndiye unayelala."

Fundi akaiangalia ile karatasi. Watoto wao wamekua na wana nyumba zao. Sebuleni kuna viti sita, na jioni vinakaliwa viwili, kimoja na mtu anayesimulia nani kajifungua nini, kingine na mtu anayejifanya anasoma gazeti. Hakusema lolote kuhusu viti. Alisema, "Jumapili nabadilisha mota ya feni."

Jumamosi alipita gereji ya njia panda kupata maoni. Mkuu wa gereji, bila kunyanyuka alipokaa, alimwambia kazi hiyo inataka dashibodi nzima ing'olewe, na foleni ni majuma matatu. Fundi akashukuru, akaenda kwa wauza vipuri akanunua mota, akarudi nayo kwapani.

Jumapili baada ya chakula cha mchana alikuja shemeji yake, mdogo wa mkunga, dereva wa lori. Hakuja kusaidia. Alitoa kiti sebuleni, akakiweka uani mahali penye kuona vizuri, akakunja nne kama mtu aliyekata tiketi.

Fundi akachomoa waya wa betri. Akatoa kile kisanduku kilicho mbele ya abiria, akakiweka kando na vitu vyake vyote: miwani isiyo na mkono, kalamu tatu zilizokauka, soksi moja ya mtoto mchanga ambayo mkunga alisema anamjua mwenye nayo. Kisha akalala chali, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango.

"Dada!" shemeji akaita. "Njoo uone, mumeo ameliwa na gari. Limebakiza viatu."

"Mwache afanye kazi."

"Namwacha. Namlilia tu mapema."

Mota ilishikiliwa na skrubu tatu. Mbili zilionekana kwa macho. Ya tatu ilijificha nyuma, na Fundi akaifungua kwa kupapasa, kwa bisibisi ndogo ya kufungulia kasha la bobini. Skrubu tatu! Dashibodi nzima ing'olewe, walisema, foleni majuma matatu. Ni mambo mangapi tunaambiwa hayawezekani mpaka ing'olewe dashibodi nzima, na tunaitikia kwa heshima, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyewahi kulala chali akaangalia?

Mota ya zamani ilipotoka ilitoka na uji mweusi. Makaa yake, vile vibonge vidogo vinavyopitisha umeme kwa kusuguana, yalikuwa yamelowa mafuta mpaka yakageuka matope.

Shemeji alisogeza kiti. "Hii haikuungua."

Fundi akayapangusa matope kwa kidole.

"Hii imekufa maji, shemeji. Umemzamisha mgonjwa."

"Ilikuwa na kiu," Fundi akasema, akaiviringisha kwenye gazeti.

Mota mpya, pamoja na feni yake ya mapezi kama kizimba kidogo, ilikuwa na umbo lilelile. Plagi tu ndiyo haikuoana, hivyo ilibidi akate nyaya mbili na kuziunga kwa mkono. Nyaya za mota mpya zote mbili zilikuwa nyeusi. Basi akakaa kiti cha abiria, akaishika mota mbele yake jinsi itakavyokaa, akazigusisha nyaya na betri kwa vipande virefu vya waya ili ajaribu. Feni ikazunguka vizuri, kwa nguvu. Fundi akakunja uso.

"Inaenda kinyume," alisema.

Hapo ndipo ilipozungumza miaka thelathini na minne. Gurudumu la cherehani huzunguka kuelekea kwa aliyekaa. Ukilizungusha liende mbali nawe, uzi unajisokota na sindano inavunjika. Ndilo somo la kwanza analompa kila mwanafunzi, hata kabla ya kumuuliza anaitwa nani: gurudumu huja kwako. Na feni hii ilikuwa inakwenda zake. Fundi akabadilisha nyaya, ya huku akaiunga kule, feni ikaja kwake kwa adabu. Akafunga utepe, akarudisha skrubu tatu, akarudisha waya wa betri.

"Washa," akamwambia mkewe.

Mkunga akawasha. Sauti ilitoka laini, bila paka wala kabati. Fundi akatoa mfukoni kipande cha uzi mweupe, akampa. "Ushike pale pa kutokea upepo."

Uzi ukatikisika kidogo, kama ulioulizwa swali, kisha ukalala.

"Ongeza."

"Ndiyo mwisho."

Shemeji alikuja na kiti chake mpaka mlangoni mwa gari. "Mtoto wa siku moja anapiga chafya kali kuliko hii. Dada, kasaini fomu yako."

Hakuna aliyecheka. Mkunga alibaki ameshika uzi. Fundi aliangalia swichi, akaangalia kioo, akaangalia mikono yake ambayo mpaka saa hiyo ilikuwa haijawahi kumdanganya.

"Inazunguka sawa," akasema taratibu. "Inakuja kwa aliyekaa, kama inavyotakiwa."

"Aliyekaa wapi?" mkunga akauliza.

"Aliyekaa anashona."

"Fundi." Alisema kwa ile sauti anayowatulizia akina baba wa watoto wa kwanza. "Mle ndani ya dashibodi amekaa nani?"

Fundi akatembea mpaka kwenye gazeti, akaifunua mota ya zamani, akaiinua kwenye mwanga wa jua la alasiri. Vumbi la miaka lilikuwa limegandamana kwenye mapezi, lakini upande mmoja tu wa kila pezi, ule uliokuwa ukitangulia kukutana na hewa. Upande wa pili ulikuwa safi kama sahani. Mtu anayejua kusoma manyoya ya nyuzi ndani ya cherehani hashindwi kusoma vumbi. Aliishika mbele yake jinsi ilivyokuwa imekaa garini, akaizungusha kwa kidole kufuata matope yake. Ilikwenda mbali naye.

"Miaka ishirini na moja," alisema, "imekuwa ikinipa mgongo."

"Na hakuna sindano iliyovunjika," mkunga akasema.

Shemeji alitaka kuongeza neno, lakini dada yake alimtazama, akalimeza.

Fundi akarudi chini ya dashibodi. Skrubu mbili, kisha ile ya kupapasa. Utepe, nyaya, utepe. Alipotoka, nywele zimejaa taka, shemeji alikuwa ameshainama ndani ya gari, uso karibu kabisa na matundu ya upepo.

"Washa, dada, tusikie hiyo chafya ya pili."

Mkunga akawasha. Uzi ulimtoka mkononi ukaenda kunasa kwenye kiti cha nyuma. Majani makavu, vumbi, na kiota kidogo cha mnyama aliyehama zamani vilitoka kwa pamoja vikatua usoni pa shemeji. Alisimama wima, macho amefumba, jani moja limebaki kwenye mdomo wa chini.

"Upepo upo," alisema.

"Kanawe," dada yake akamwambia. Kisha akamgeukia mumewe. "Na kwenye ukungu?"

"Ukungu uko kesho," Fundi akajibu.

Fomu ilikuwa mezani, imebanwa na bakuli la sukari, na kalamu nzima kando yake. Jioni ile Fundi aliingiza mota ya zamani ndani, akaiweka kwenye gazeti lake pembeni ya mlango, kwa kuwa hajawahi kutupa kitu siku kilipotoka. Alipita karibu na meza mara nne. Mara ya tatu alikuwa na kikombe cha chai kilichojaa, na wazo likamjia. Lakini yeye ni mtu anayewarudishia wateja vifungo anavyovikuta ndani ya vyerehani vyao, hata kimoja. Akainywa chai yote akiwa amesimama mbali.

Asubuhi yake, saa kumi na moja, ukungu ulikuwa umeushika mtaa kiasi kwamba nyumba ya jirani haikuwepo. Fundi alitoka na kitambaa chake cha fulana, kwa mazoea, akakaa kiti cha abiria. Mkunga akawasha gari, akawasha hita. Kioo kilikuwa cheupe chote. Wakasubiri, injini ikipata joto, upepo ukivuma. Chini kabisa ya kioo ukatokea mstari mweusi mwembamba kama pindo. Ukapanda. Likaonekana ua, likaonekana lango, ikaonekana barabara nje ya lango. Mkono wa Fundi ulikuwa bado magotini na kitambaa kikavu.

"Shuka," mkunga alisema. "Goti."

Akashuka, akafunga mlango. Mkunga naye akashuka.

"Nimesahau mkoba."

Mkoba ulikuwa begani mwake. Fundi alisimama barazani, na kupitia dirisha alimwona mkewe akiingia sebuleni na kuliondoa bakuli la sukari juu ya fomu. Kisha akaenda pembeni ya mlango, akainua mota ya zamani kwa vidole viwili, kama mtu anayemshika panya mkia, akaileta mezani, akaiweka katikati ya karatasi. Akaibonyeza kidogo kwa kiganja, kwa uangalifu, kama anavyobonyeza tumbo la mama aliyekwisha kujifungua. Akanawa mkono. Akatoka.

"Fundi, umeweka lidude lako juu ya fomu yangu. Limeacha doa."

"Nisamehe, mama."

"Hawataipokea sasa."

"Hawaipokei. Imeandikwa."

"Siku nyingine uwe unaangalia unapoweka vitu."

"Nitaangalia."

Akapanda gari, akaondoka. Fundi alibaki langoni na kitambaa chake, akizifuata kwa macho zile taa mbili nyekundu ndani ya weupe ulioanza kuchanika, zikipanda kilima, zikifika kwenye kona ya juu, zikipinda bila kusimama.