Mbwa Aliyelala Mdomoni mwa Shimo

Mbwa alifika kwetu kwa lori lililokuwa likienda Isaka kuchukua mzigo. Aliyemshusha alikuwa mchimbaji aliyefanya kazi na kaka yangu kule Geita. Alinikabidhi kamba akasema mbwa amewashinda. Tangu duara, shimo lao la dhahabu, lilipotitia kaka akiwa chini, mbwa alikuwa analala juu ya kifusi, na kila walipomtoa alirudi. Walisubiri achoke mwenyewe, hakuchoka.

Mwili wa kaka haukupatikana. Tulikuwa tumeanua matanga bila kaburi, na mama alikuwa bado anakatiza maneno kila pikipiki ikipunguza mwendo njiani.

Nikiri kwamba nilimpokea kwa sababu ya ngiri. Msimu ule walikuwa wananimaliza. Walikuja mchana kweupe, wakapiga magoti kwenye matuta yangu kama watu wanaosali, wakafukua viazi na karanga. Mbwa wa majirani waliwabwekea kwa mbali tu. Huyu, kaka alimlea tangu hajafumbua macho, akawinda naye nungunungu miaka kadhaa kabla ya kwenda kutafuta dhahabu.

Nilimfundisha asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nilimzungusha shambani kwa kamba fupi nikamnusisha nyayo na vinyesi. Akiwatazama kuku, nilivuta kamba. Akitulia, nilimpa dagaa. Nikamzoesha kuja akisikia mluzi wangu. Alishika upesi kuliko nilivyotegemea. Siku nilipomwachia mara ya kwanza, hakuwaendea ngiri usoni kwenye meno yao. Aliwazunguka ubavuni, akawageuza, akawatoa shambani wote, mikia juu. Nilicheka peke yangu katikati ya matuta.

Lakini mmoja aliingia kwenye shimo la zamani la muhanga, yule mnyama mla mchwa, na hapo ndipo ukaidi ulipoanza. Mbwa alilala pembeni ya mdomo wa shimo, kidevu juu ya miguu. Nikapiga mluzi. Hakuinua hata sikio. Nikamvuta, akakita kucha ardhini mpaka kamba ikamchubua shingo. Nikampiga kwa fimbo, akafumba macho. Baadaye ngiri alichomoka akampita karibu kumkanyaga, na yeye hakugeuka kumtazama. Nilimwacha. Asubuhi nilimkuta palepale, manyoya ya mgongoni yamelowa umande.

Ikawa hivyo kwa kila shimo. Jirani alipochimbisha choo, mbwa alikwenda kulala ukingoni. Fundi alipiga kelele kutoka chini wamwondoe, kwa kuwa anamtazama vibaya. Hakuondoka mpaka fundi alipopanda ngazi akatoka. Watu wakaanza kusema kwamba mbwa wa marehemu ametumwa, na wengine wakabadilisha njia wasipite kwetu.

Siku moja baba mdogo alikuja kutusalimia. Ndiye aliyekuwa akiwinda na kaka. Nilimpeleka shambani, tukamkuta mbwa amelala kwenye shimo la muhanga. Nikamweleza taabu yangu yote.

"Umempiga?" akauliza.

"Nimempiga, baba. Hasikii."

"Anasikia sana. Aliambiwa akae."

Akanieleza jinsi walivyokuwa wakiwinda nungunungu. Kaka ndiye aliyekuwa mwembamba, kwa hiyo ndiye aliyeingia mashimoni kwa tumbo, tochi mkononi. Kabla ya kuingia alimwambia mbwa kwa Kisukuma, lindila, yaani subiri. Mbwa hakuruhusiwa kusogea mpaka amwone mtu akitoka.

"Kule Geita hajaona mtu akitoka," baba mdogo akasema.

Alichoma nyasi, akapuliza moshi ndani, akachokora kwa mti mrefu mpaka tukawa na hakika shimo ni tupu. Kisha nikajifunga kanga kiunoni nikaingia.

Sikufika mbali. Mabega yalibana, udongo ukanidondokea shingoni, na mwanga nyuma yangu ukazibwa na mwili wangu mwenyewe. Nilisikia mtu anahema mbele yangu. Nikajiambia ni pumzi yangu inarudi, nikaizuia nihakikishe. Kuhema kuliendelea kidogo, taratibu, kama kwa mtu aliyelala, halafu kukakoma. Nilirudi kinyumenyume nikichubuka viwiko. Mbwa alinusa nyayo zangu, magoti, nywele. Akasimama, akajikung'uta vumbi, akatangulia nyumbani.

Sikumwambia baba mdogo nilichosikia.

Kuanzia hapo nilijua la kufanya. Akilala kwenye shimo, nilihakikisha ni tupu, nikaingiza kichwa na mabega, nikatoka, naye akanifuata. Ngiri walihamia kwingine. Tulivuna, tukakata viazi tukavianika, paa lote likawa jeupe kwa michembe.

Mvua zilipokaribia, alilala tena kwenye lile shimo la kwanza. Niliingia, nikatoka. Alininusa miguu. Kisha akanipita, akaweka pua ndani ya giza, na mkia wake ukaanza kucheza polepole. Niliingia tena, nikatoka tena. Mkia uliendelea kucheza.

Niliketi kando ya shimo. Mama alitufuata alipoona tumechelewa. Alimtazama mbwa, akatazama shimo. Aliinama, akamwita kaka kwa jina lake, si kwa kilio, bali kwa sauti ya kumwita mtu chakula kimeiva. Tukasikiliza. Kisha akaniambia, "Kalete jembe."

Nilipolileta, mama alikuwa ameshika udongo mkononi. Aliutupa yeye kwanza. Nami nikautupa wangu, halafu nikafukia mpaka pakawa sawa na ardhi. Mbwa alisimama muda wote huo. Tulipomaliza alizunguka, akakanyaga udongo mpya, akaondoka bila kuitwa.

Sasa anakuja nikipiga mluzi, popote alipo. Pale pamefunikwa na nyasi, na mama amekataza palimwe. Mimi nikienda kwenye matuta ya mbali hupitia upande wa pili, ijapokuwa ni kuzunguka.