Mchezo wa Kunyoosha Mikono

Asubuhi shuleni kwetu Bunia tulimwimbia na kumchezea Kiongozi wa taifa mpaka miguu ikajaa vumbi. Habari za maasi yaliyopita mjini kwetu miaka ya nyuma hakuna mwalimu aliyezigusa. Hizo tulifundishana wenyewe, saa ya mapumziko, kwa mchezo.

Mmoja wetu alikuwa karani. Alichomekwa kalamu mfukoni, akafungwa viwiko kwa nyuma na kamba ya mgomba, akasimamishwa juu ya jiwe. Waasi waliwaua watu wa kalamu, makarani na wote waliosoma. Hilo tulilijua sote, ingawa wakati ule wengi wetu tulikuwa bado tunanyonya. Mwingine, aliyekuwa hakimu, aliuliza: "Nani anasema afe? Munyooshe mikono." Mikono ikinyooshwa, karani alichapwa kwa mabua ya mahindi mpaka aanguke.

Baba yangu alikuwa karani kweli. Alisimamishwa hivyo hivyo sokoni, watu wakanyoosha mikono, akapigwa marungu mpaka akafa. Kwa hiyo mimi sikukubali kamwe kuwa karani, na wenzangu waliniachia, hadi siku moja waliponifunga na kunipandisha jiweni kwa nguvu.

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa rafiki yangu, mtoto wa jirani. Alinyoosha akicheka. Mimi hasira zangu ziko karibu, hata leo. Nilijitupa chini, kamba ikakatika, nikaokota kipande cha tofali nikampiga nacho mdomoni. Meno mawili yalitoka. Nilimpiga tena akiwa chini, na ningeendelea kama wasingenishika. Huruma sikuwa nayo, niliona raha.

Niliporudi nyumbani mama alikuwa amekwisha kusikia. Alimfunga kuku miguu, akaniambia nimpeleke kwa jirani nikaombe radhi. Nikakataa.

"Alinyoosha mukono," nikasema. "Sawa na bale benye balimuua papa."

Mama alikuwa akifua damu kwenye shati langu. "Siku ile wote balinyoosha," akasema. "Mwenye hakunyoosha, balimupandisha naye."

"Na weye, mama?"

Aliendelea kusugua, ingawa damu ilikuwa imekwisha kutoka.

"Nilinyoosha. Weye ulikuwa ku mugongo yangu."

Nilitaka kumpiga hata yeye. Kisha nikaiogopa mikono yangu mwenyewe. Nikamchukua kuku, nikaenda kwa jirani. Rafiki yangu alikuwa amekaa mlangoni, kitambaa mdomoni, na aliponiona alikinga uso. Nikapiga magoti.