Shikamoo iliyokosa marahaba

Leo nusura kikundi chetu cha kompyuta kivunjike kwa sababu ya shikamoo.

Tunakutana Masasi mjini. Leo, kwa mara ya kwanza, wenzetu wanne wa Newala walihudhuria kwa video.

Nyuso zao zikatokea ukutani. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, akasubiri. Kimya.

"Wameingia bila kusalimia," akasema. "Kwangu mtu anaingia hivyo?"

Jamani, watu wote waliinamisha vichwa.

"Zima! Anayetaka mkutano aje kwa miguu yake."

Nikazima.

Hapo hapo simu yake ikalia. Ujumbe, kutoka kwa Mama Fadhila wa Newala. Akausoma kwa sauti:

"Shikamoo Mwalimu. Sote tumekuamkia mara tatu hujaitikia, kisha umetufungia mlango. Tumekukosea nini?"

Wote wakanigeukia mimi, fundi mitambo.

Sauti yao niliikata mwenyewe tulipokuwa tunajaribu mitambo kabla ya mkutano. Jogoo wa Mama Fadhila alikuwa anawika! Nikasahau kuirudisha.

Nikawaunganisha tena. Mwalimu akasimama, akaitikia marahaba kumi na mbili, tatu kwa kila mtu, bila kuruka hata moja.

Kwa zote hizo alikuwa ananitazama mimi.

Nyie mngeangalia wapi?