Makoye na Fuwele za Kijani

Makoye alikuja dukani kwangu Kahama kutafuta kazi ya kuchoma dhahabu. Sikumuuliza alikotoka. Nilimpa kipande kichafu akichome kwanza, mshahara tungeongea baadaye. Akakiyeyusha, akakimimina, akakizamisha kwenye ndoo ya maji, kikatoka kinang'aa. Nikampa chumba nyuma ya karakana, maana fundi anayelala karibu na tanuru langu ni vigumu kunyakuliwa na Akida, mshindani wangu wa mtaa wa pili. Wachimbaji walifuata mkono wa Makoye, si sura yangu. Mteja akimwita pembeni, nami nilisogea.

Kisha akaja Asteria, binti kutoka Kolandoto anayesomea fizikia chuo kikuu.

"Shikamoo, Mama Zuhra. Tanuru la chuo limeharibika, naomba lako la umeme."

"Marahaba. Dhahabu ya nani?"

"Si dhahabu. Naotesha fuwele, za kutu ya chuma na dawa ya jamii ya boraksi. Bila hizo simalizi shahada."

Nilitaka kidhibiti joto alichokuja nacho kibaki kwangu akimaliza. Alikubali haraka mno. Nikajua nimedai kidogo.

Mchanganyiko ulipoyeyuka, Makoye alifanya alivyozoea: akatoa chungu, akamimina, akazamisha. Likatoka donge jeusi kama chupa iliyovunjika.

"Kaka Makoye!" Asteria akashika kichwa. "Hii haimiminwi. Inaachwa ipoe polepole humo humo, atomu zijipange."

"Nimeua mtoto wa watu," Makoye akasema.

Nilidhani Asteria atamkataa. Badala yake akamfundisha kusoma kidhibiti. Mara ya pili Makoye alilinda tanuru kama ng'ombe anayezaa.

"Makoye, watu wa Geita wanasubiri na dhahabu yao!"

"Waende kwa Akida, mama. Nikifungua sasa zinapasuka."

Jina la Akida, kinywani mwa fundi wangu!

Zikatoka bapa nyembamba za kijani, unaona mwanga upande wa pili. Makoye akazigusisha nyaya za betri na balbu: balbu haikuwaka. Akaleta sumaku: zikanasa.

"Mwalimu, inashikwaje na sumaku na umeme haipitishi?"

"Kila elektroni imekwama kwenye atomu yake, kuhama kunataka nguvu ambayo betri yako haina. Na kila moja ni kisumaku. Majirani wanaelekea pande zinazopingana, wangefutana kabisa. Ila elektroni pia inazunguka kiini, na mzunguko huo unakilaza kisumaku chake kidogo. Huo ulalo ndio unaovutwa."

Makoye akaweka bapa kwenye glasi, sumaku nje, ikang'ang'ania ukutani. Akamimina maji ya chai yanayochemka. Ikaachia, ikazama.

"Joto limewavuruga," Asteria akasema. "Maji yakipoa watajipanga tena."

"Wabeja, asante sana, mwalimu!" Makoye alicheka kwa sauti. Kwangu alikuwa anacheka mshahara ukitoka, basi.

Chuo kilipotafuta mtu wa kutunza tanuru jipya, Asteria akamtaja. Niliongeza mshahara, nikaongeza chumba. "Mama, nataka kuziona fuwele nyingine," akajibu, mkeka ukiwa tayari begani.

Asteria amepata shahada. Makoye analipwa pungufu ya nilivyomlipa, nimeuliza. Anaotesha fuwele, na wanasema ananenepa. Watu wa Geita wako kwa Akida. Mimi nina kidhibiti joto kizuri sana, na fundi mpya asiyejua kukisoma.