Siku Wifi Alipozima Mashine

Wifi yangu haongei, anapayuka. Akikunong'oneza siri, jirani wa tatu anaitikia. Usimlaumu. Amesimama kwenye mdomo wa ile mashine ya kusaga tangu binti yangu mkubwa ananyonya, na sikio lake la kushoto, lile linalotazama injini, lilishastaafu bila kuaga. Ukitaka akusikie, kaa kulia kwake. Ukitaka kumsengenya, kaa kushoto. Mimi nimekaa kushoto miaka mingi na bado tunakula sahani moja.

Jina alilopewa na wazazi wake hakuna anayelitumia. Ni Mama Mashine kwa wakubwa na kwa watoto. Kaka yangu alimkuta anatwanga mahindi ya watu kwa kinu na mchi, viganja vimekauka kama soli ya kiatu. Ni yeye aliyemkalia kaka kooni mpaka fahali akauzwa na injini ya mtumba ikaja na mkokoteni. Kaka alipofariki, wajuaji wakasema basi, mashine hiyo itauzwa, mwanamke gani ataizungusha hendeli ile? Msiba ulipokwisha, wifi alivaa suruali ya marehemu chini ya gauni, akatemea viganja, akazungusha. Injini ikakohoa, ikapiga chafya ya moshi, ikawaka. Wajuaji wakaleta mahindi yao, na wakapanga foleni kama watu wengine.

Basi sisi wa kijiji hiki tumekulia kwenye kelele ile, na sote tunapayuka. Mgeni akitukuta tunasalimiana hudhani tunagombana. Mashine inawaka jua likichomoza, inazimwa kuku wakiingia bandani. Mchana kati hainyamazi ila kwa jambo moja tu: msiba. Mtu akifa, wa kwanza kuambiwa ni wifi, naye anazima. Hatumwi mtu nyumba kwa nyumba. Ule ukimya ukikukuta shambani, unatupa jembe. Ukikukuta jikoni, unaepua sufuria. Unakwenda mashineni kuuliza ni nani. Na ikitokea mashine imekorofika yenyewe, mkanda umekatika au dizeli imeisha, wifi anachukua nyundo na kugonga debe, ga ga ga ga, ili tujue ni chuma kilichokufa, si mtu. Tunashusha pumzi, tunaendelea na kazi.

Sasa hapo ndipo alipotokea Bwana Utulivu.

Jina hilo tulimpa sisi. Alikuwa mtu wa kampuni, kijana wa makamo, viatu vinang'aa, miwani myeusi hata ndani ya nyumba, na kila akifungua kinywa lazima aseme utulivu. Tuliitwa darasani, tukajibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu, naye akabandika picha kubwa ubaoni. Ilikuwa ni bonde letu. Lakini pale tunapolisha mbuzi palikuwa na nyumba nyeupe zimepangana. Pale tunapoanika mahindi palikuwa na bwawa. Ukuta mrefu ulizunguka kote, na ndani yake hakuna hata mtu mmoja aliyechorwa. Nyumba za watu wa mjini, akasema, za kuja kupumzika mwisho wa wiki. Wamechoka na makelele. Wanatafuta utulivu.

"Mashine yangu iko wapi hapo?" wifi akauliza kutoka nyuma. Dirisha lilitikisika.

Bwana Utulivu akashtuka, kisha akatabasamu. "Hapo mama, patakuwa na bustani ya maua."

"Mimi sisagi maua!"

Darasa zima likacheka. Lakini mwenyekiti wa kijiji hakucheka. Alisimama, akakohoa, akaanza kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: barabara itakuja, taa zitakuja, vijana watapata kazi ya kufyeka majani na kufungua geti. Fundi baiskeli akamuuliza, nani alisema anataka kufunguliwa geti la kuingilia bonde lake mwenyewe? Mwalimu mstaafu akasema hapana. Wafugaji wakasema hapana. Mimi nilisema hapana mara mbili, moja ya kwangu na moja ya marehemu kaka. Mwenyekiti akajitia hamnazo. Akatangaza kwamba wanunuzi wenyewe watakuja kuangalia, na wakiridhika, yeye kama kiongozi wetu atatia sahihi. Ndiyo kusema, hapana zetu zote zilikuwa upepo. Kilichobaki ni wageni kupapenda tu, na mashine ya wifi iende kuwa vyuma chakavu.

Siku moja kabla ya ugeni nilikuwa mashineni na gunia langu. Tukawaona wanakuja, mwenyekiti mbele, Bwana Utulivu nyuma anaruka pumba asichafue viatu.

"Mama Mashine," mwenyekiti akaanza, "kesho tuna wageni wakubwa. Tunakuomba uzime mashine wakifika. Wanataka kuusikia ule utulivu."

Wifi akamgeuzia sikio la kulia. "Nizime?"

"Zima."

"Mchana kweupe?"

"Mchana."

"Ni wewe mwenyewe mwenyekiti, mzaliwa wa hapa, unayeniambia nizime mashine mchana?"

Bwana Utulivu akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akapandisha mabega. "Mimi mwenyewe. Na ichukulie kuwa ni amri."

"Haya," akasema wifi. "Nitazima."

Nilidhani nimesikia vibaya! Walipoondoka nilimrukia. Nilimwambia yote. Kwamba kaka yangu angefufuka na kufa tena kwa aibu. Kwamba mtu aliyezungusha hendeli ile kwa suruali ya marehemu leo anaambiwa zima na anasema haya, kama mtoto aliyetumwa chumvi. Kwamba mimi kesho nitakwenda na jembe langu kulima pale pale mbele ya hao wageni, nione nani atanitoa. Wifi akafagia unga. Kisha akanigeuzia sikio la kushoto, akaendelea kufagia. Nilibeba unga wangu nikaondoka bila kuaga, machozi ya hasira yananitoka.

Kesho yake kweli nikaenda. Magari yakaja, yakasimama kwenye uwanja wa kuanikia. Wakashuka watu wenye kofia pana na viatu vya kutembelea nyasi, mmoja mama mtu mzima mwenye mwavuli, wote wanavuta hewa kwa pua kana kwamba kwao haipatikani. Mwenyekiti alikuwa ndani ya suti aliyoolea, vifungo vinalia. Mimi nilikuwa hatua chache tu, nalima kwa nguvu mahali pasipo na hata jani la kulima, nawakata jicho. Bwana Utulivu akapunga mkono kuelekea mashineni.

Mashine ikazimika.

Nilijua! Amri ilitolewa nikiwapo, nikaisikia kwa masikio yangu mawili mazima. Lakini mwili haukuuliza. Jembe lilinitoka mkononi lenyewe, moyo ukapiga pa, na nikajikuta nimesimama nasubiri debe. Nikasubiri. Debe halikugongwa.

"Mnasikia?" Bwana Utulivu akasema kwa sauti ya chini, mikono ameitandaza. "Utulivu."

Wageni wakafumba macho. Mama wa mwavuli akatabasamu. Mwenyekiti naye akatabasamu, lakini nilimwona anatupa jicho upande wa kwake, mara moja, kisha tena. Mama yake mzazi alikuwa kitandani tangu mvua za kwanza, hali, halali, na kijiji kizima kilikuwa roho juu kwa ajili yake.

Wa kwanza kutokea alikuwa fundi baiskeli, mikono imejaa grisi, anahema. Akapita katikati ya wageni kama hawapo, akamshika mwenyekiti mabega. "Pole sana, mwenyekiti. Pole sana, ndugu yangu."

"Pole ya nini?"

"Ya mama."

"Ah, hapana, hapana," akacheka mwenyekiti, cheko kavu. "Ni mashine tu. Nimeagiza mimi izimwe."

"Mbona debe halijagongwa?"

Kabla mwenyekiti hajajibu, wakaja wanawake wa mtoni, nguo zinachuruzika maji, wamejifunga viuno, wa mbele ameshaanza kulia kwa sauti. Wakaja wafugaji. Akaja mwalimu mstaafu na kiti chake kichwani, maana msibani kila mtu huja na kiti. Watu wakateremka kutoka kila pembe ya bonde, na nakwambia wageni wale walifumbua macho! Hakuna aliyepitia mashineni kuuliza ni nani; kila mtu alimwendea mwenyekiti. Pole, mwenyekiti. Jikaze, mwenyekiti. Amekwenda mama yetu. Mzee mmoja akamkumbatia na kumlilia kwenye kola ya suti.

"Ni mashine," mwenyekiti akarudia. "Ni mashine tu, jamani." Lakini sauti ilikuwa inakwisha. Jasho lilimtoka. Maana alijua ameagiza mwenyewe, ndiyo, lakini angejuaje kwamba saa ile ile, kule nyumbani, jambo lenyewe halijatokea? Kijiji kizima kinakupa pole ya mama yako, wewe utashindana nacho? Ghafla akamsukuma Bwana Utulivu pembeni, akakimbia. Alikimbia na suti yake, kiatu kimoja kikamvuka njiani na hakugeuka. Tukamfuata wote, na wageni nyuma yetu, sijui kwa huruma, sijui kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kuwaonyesha njia.

Hatukufika kwake. Njia panda ya mashineni tulimkuta mama mwenyewe, mkongojo mkono mmoja, mkwewe amemshika mkono wa pili, kitambaa cha kichwa kimefungwa upande.

"Nani amekufa?" akauliza mama. Kisha akamwona mwanawe, akaachia mkongojo. "Mwanangu! Nilijua ni wewe. Nilisema ni yale magari, yamemgonga mwanangu."

Mwenyekiti akapiga magoti mavumbini na suti yake, akamkumbatia mama yake kiunoni, akalia kama mtoto. Hapo hakuna aliyecheka, hata mimi niliyekuja kucheka.

Tukaingia mashineni pamoja. Wifi alikuwa amekalia debe lililopinduliwa, mikono kifuani, unga kwenye kope. Bwana Utulivu akamfokea kwanza kabla ya mtu yeyote. "Umetuharibia siku! Kwa nini hukugonga hilo debe?"

"Mliniagiza nizime," akapayuka wifi. "Nimezima. Debe nani aliniagiza?"

"Nani kazima?" akauliza mama wa mwenyekiti, maana naye masikio yake ni ya kijiji hiki.

"Mwanao, mama! Wanataka kuiondoa kabisa, wapande maua!"

Mama akamgeukia mwanawe. Hakupayuka. Ndiyo mara ya kwanza nimsikie mtu wa kwetu akisema polepole pale mashineni, na kila mtu akasikia. "Na mimi nikifa, mwanangu? Mkishaizima kabisa, siku yangu watu watajuaje?"

Mwenyekiti alimtazama mama yake. Akatutazama sisi, na viti vyetu, na nguo zetu za maji. Akajifuta uso kwa mkono wa suti. Kisha akamwambia wifi neno moja tu: "Washa."

"Mwenyekiti," Bwana Utulivu akaanza, "tulikubaliana..."

"Tulikubaliana mimi na wewe. Hawa hawakukubali, na mimi nimekuwa mjinga. Mama Mashine, washa!"

Wifi akatemea viganja. Injini ikakohoa, ikapiga chafya, ikawaka, na unga ukawanyunyizia watu wa mjini kofia zao zote. Mama wa mwavuli akaziba masikio, akamsogelea wifi. Aliuliza kitu. Wifi akamgeuzia sikio la kulia, mama wa watu akarudia kwa kupiga kelele, kama sisi: "Inawaka hivi kila siku?"

"Kila siku, mama! Wewe unahamia lini?"

Magari yaliondoka kabla jua halijapinda. Bwana Utulivu alitamka kwamba kampuni itarudi na mpango mwingine. Irudi! Darasa lipo, madawati ni yale yale, na hapana zetu hazijaisha. Wifi naye nilimwomba radhi siku hiyo hiyo, nikiwa kulia kwake. Akasema hakunisikia vizuri, nirudie. Nikarudia. Akasema bado. Shetani mkubwa, alisikia tangu la kwanza.

Mama wa mwenyekiti alituacha wakati wa mavuno, asubuhi, akiwa anaota jua mlangoni kwake. Mimi nilikuwa mbali, ng'ambo ya mto, mahali ambapo mashine husikika kwa shida. Iliponyamaza nilisikia. Nilisimama nikasubiri debe, halikugongwa, nikatupa mundu nikaenda. Tulikuja wote, hakuna aliyetumiwa habari. Na tulipotoka kuzika, mwenyekiti hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mashineni na udongo wa kaburi miguuni, akamwambia wifi asogee, akashika hendeli mwenyewe, akazungusha mpaka ikawaka.