Sikukuu Isiyo na Mwaliko

Jambo la kwanza nililoliona kwa Stojanka ni kwamba alipanda ngazi hadi ghorofa ya tano, na lifti ilikuwa nzima. Tulikuwa tumehamia jengo hili karibuni. Baadaye nilielewa: wakati wa korona majirani walimkwepa kwenye lifti, kwa kuwa alikuwa muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa korona, naye akaamua kuwapunguzia hofu. Mazoea yakabaki.

Wodini hakuwa mpweke. Mwenzake Vidosava alimsuka nywele kabla hawajavaa yale mavazi ya plastiki ya kujikinga, akamgawia pai ya jibini, wakataniana. Vidosava alipokwenda kufanya kazi Austria, Stojanka alianza kusahau mambo. Siku moja alitundika dripu ya mgonjwa mmoja kwenye kitanda cha mwingine. Aligundua kabla mgonjwa hajadhurika, lakini alilia sana kwenye stoo ya mashuka. Sasa ameomba kuacha kazi. Muuguzi mkuu amemsihi afikirie hadi slava ipite, sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa ukoo wa Stojanka, ambayo husherehekewa nyumbani.

Siku ya slava hakuna anayealikwa, anayekupenda huja. Mwaka wa korona baadhi ya majirani walikuja licha ya hofu yao, naye akawaambia bila kufungua mlango: "Rudini, nisije nikawaambukiza." Tangu hapo hajaja mtu.

Juzi Radojka, bibi wa ghorofa ya pili, alimsimamisha kwenye ngazi.

"Mwanangu, ngano ya kuwapa wageni wa slava umeshachemsha, au mwaka huu pia utakula peke yako?"

"Nachemsha kila mwaka, mama. Wanakula njiwa."

"Njiwa! Na mimi huku chini nasubiri uniambie mlango uko wazi."

"Slava haitangazwi. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Na mimi ndiye uliyenifukuza."

"Nilikufukuza usife."

"Sikufa," Radojka alisema. "Ila kabichi yako ya slava imenipita miaka yote hii, na wewe umekonda kama ufagio. Tumekuwa wajinga, binti yangu, sote wawili."

Stojanka alimshika mkono.

Kesho ni siku ya Mtakatifu Nikola, slava ya Stojanka. Harufu ya kabichi iliyofungiwa nyama imejaa jengo zima. Stojanka amekuja kuazima viti kwetu, eti vya kuwekea sahani. Radojka amemwambia mkwewe ampigie viatu rangi. Majirani wengine hawasemi kitu. Mimi shati langu la kesho nimeshalipiga pasi, na hata jioni haijafika.